Likizo mpakani: Busia na Malaba si za kupita tu

Ikiwa umewahi kupanda basi la usiku kutoka Nairobi hadi Kampala, ndugu msomaji, basi bila shaka Busia au Malaba umefika. Lakini je, umeiona? Unaamshwa na utingo alfajiri, macho bado mazito, unaambiwa ushike kitambulisho mkononi. Unapiga foleni, unaulizwa maswali mawili matatu, unarudi kitini na kusinzia. Ukija kufumbua macho tena uko Jinja, na mpaka umekwisha kuwa hadithi.

Hata mimi nilikuwa hivyo kwa miaka na mikaka. Aliyenizindua ni shangazi yangu aliyeolewa upande wa Amagoro, karibu na Malaba. Siku moja nilimpigia simu nikiwa tayari Kampala, nikamwambia kwamba usiku nilipita karibu na kwake. "Mwanangu," akasema, "wewe hupita hapa kama kontena." Nilitahayari. Disemba iliyofuata nilifunga mizigo, nikawachukua wanangu wawili na mpwa wangu aliyekuwa kidato cha tatu, tukaenda kukaa siku sita. Tumerudi mara mbili tangu wakati huo. Haya ninayokuandikia ni yale ambayo ningalipenda mtu anieleze kabla ya safari ile ya kwanza.

Vitabu vya watalii wa Ulaya vimejaa ushauri kuhusu miji ya visiwa vya Bahari ya Mediterania: fika bandarini asubuhi samaki wanaposhushwa, kula wanapokula wenyeji, usibadilishe pesa na mtu wa kwanza anayekuita. Ushauri huo wafaa hapa kwetu pia. Kaunti ya Busia nayo ina bandari zake, Sio Port na Port Victoria, ila maji yake hayana chumvi.

Miji miwili, barabara mbili

Watu wengi huichanganya miji hii. Busia ndiko inakofikia barabara ya kutoka Kisumu. Malaba ndiko inakofikia ile ya kutoka Eldoret kupitia Webuye na Bungoma, na ndiko pia reli inakovukia kuingia Uganda. Kati ya mji mmoja na mwingine ni kama kilomita 30. Kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 400 kwa njia yoyote utakayoshika, kwa hivyo usidanganywe kwamba ni safari ya kwenda na kurudi wikendi moja na watoto wadogo. Pendekezo langu ni kwamba mwende kwa njia ya Kisumu na kurudi kwa njia ya Eldoret, ili msione vitu vilevile mara mbili. Mwenye haraka, na mfuko unaoruhusu, anaweza kuruka kwa ndege hadi Kisumu kisha apande matatu.

Isitoshe, Busia ni mbili, ya Kenya na ya Uganda, pacha waliopeana migongo. Malaba vilevile. Mgeni huhangaika kujua nchi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, naye mwenyeji humtazama kwa huruma.

Wanafunzi ningewaomba walizingatie hili, kwani huenda likawafaa katika somo la historia. Mpaka huu si wa kale hata kidogo. Hadi mwaka 1902, sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ya leo, mpaka karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Ndipo Waingereza wakachukua kalamu na kuihamishia upande wa pili. Waiteso na Wasamia hawakuhama; ni mstari uliowapitia katikati. Ndiyo sababu utamkuta mtu amelala Kenya ilhali binamu zake, makaburi ya babu zake na pengine shamba lake viko Uganda. Shangazi yangu ana mawifi katika nchi mbili na huwalalamikia wote sawasawa.

Halafu kuna lile neno ambalo sasa latumika kote Afrika Mashariki. Unapopanda bodaboda Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, unatumia neno lililozaliwa hapa. Kati ya lango la Kenya na lango la Uganda palikuwa na mwendo ambao abiria wa basi alilazimika kuutembea na mizigo kichwani. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Wakaweka kiti cha sifongo nyuma na kuanza kuita wateja, "boda, boda!", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Pikipiki zilikuja baadaye kabisa. Baiskeli bado utaziona Busia, na ukitaka kumfurahisha mtoto aliyezoea lifti na magari, mlipie mzunguko mmoja wa mji akiwa amekaa nyuma ya baiskeli hiyo. Mapatano ya bei yafanyeni kabla ya kupanda, si baada.

Jambo jingine ambalo wanangu hawajalisahau ni wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Baiskeli moja hubeba shehena ambayo ungefikiri ni ya pikapu, na nyuma vijana wawili wanasukuma. Kwa miaka mingi hawa wamekuwa uti wa mgongo wa biashara ndogo ya Busia. Usiwapige picha kama wanyama wa mbugani. Salimia, omba ruhusa, na ukinyimwa ukubali.

Stakabadhi si jambo la mchezo

Raia wa Kenya na Uganda wamekuwa wakivuka kwa kitambulisho cha kitaifa tangu mwaka 2014, bila ya lazima ya pasipoti. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, na utaratibu wake huwachanganya wageni. Unapotoka Kenya husimami upande wa Kenya. Unaendelea moja kwa moja hadi jengo la upande wa Uganda, ambako maafisa wa nchi zote mbili wameketi chini ya paa moja. Wa Kenya anakuaga, wa Uganda anakukaribisha, basi. Ukirudi, mambo hayo hufanyika upande wa Kenya.

Shida ni watoto. Mtoto hana kitambulisho, kwa hivyo anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria kutoka idara ya uhamiaji. Lishughulikie hilo wiki kadhaa kabla ya kuondoka nyumbani, na ubebe pia cheti chake cha kuzaliwa. Ikiwa mtoto si wako wa kumzaa, chukua barua ya wazazi wake.

Nasema haya kwa uchungu. Mpwa wangu niliyemtaja, siku ya pili tu tulipofika Busia, aliwafuata vijana wenzake kupitia vichochoro vya kuelekea Sofia, mtaa ulioko upande wa Uganda. Hapo hapana lango wala bendera. Unapita kati ya maduka na mara uko nchi nyingine, ndiyo zile njia za panya unazozisoma magazetini. Vijana walikuwa wanakwenda kununua rolex, yaani chapati iliyoviringwa na mayai ndani. Katika kurudi walisimamishwa na mwanamume asiye na sare aliyejitambulisha kuwa askari. Wenzake, wenyeji hao, wakatawanyika kama kuku. Yeye hakuwa na karatasi yoyote, na simu yake ilichukuliwa.

Kwa saa tatu hatukujua aliko. Sijui kama umewahi kumtafuta mtoto wa mtu mwingine katika mji wenye nchi mbili. Kila niliyemwuliza alinionyesha upande tofauti. Hatimaye shangazi alifika kutoka Amagoro, akamchukua mzee mmoja wa mtaa, nao wakajua mlango wa kubisha. Kijana alitolewa baada ya kulipa pesa ambazo hazikuandikiwa risiti. Huenda yule mtu alikuwa askari, huenda hakuwa. Kosa la kwanza, hata hivyo, lilikuwa langu. Nilikuwa nimewaonya watoto kuhusu malori na wezi, wala sikuwaambia kwamba uchochoro unaweza kuwa mpaka wa nchi. Dada yangu hakuelezwa yote wakati huo. Nadhani leo atayasoma hapa.

Basi waketishe watoto wako, hasa wale wa sekondari wanaojiona wakubwa, na uwaambie waziwazi: kuvuka ni langoni tu, na mtu mzima akiwepo.

Kabla ya kuvuka, kumbuka pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Uganda hukitaka. Chanjo hiyo inapaswa kudungwa angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha. Mwenye gari lake atahitaji bima ya kuvuka mpaka, ile kadi ya njano ya COMESA, pamoja na karatasi za umiliki wa gari. Uendeshaji ni wa upande wa kushoto kote kuwili.

Pesa na vitu vya kununua

Shilingi moja ya Kenya imekuwa kwa miaka mingi ikibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda. Watoto hupenda sana hesabu hii. Unampa noti ya shilingi 1,000 abadilishe, anarudi na maelfu na kujiona tajiri. Lakini furaha hiyo huisha anapoambiwa bei ya soda. Badilisha katika duka rasmi la fedha za kigeni. Wale wanaokuita barabarani na bunda mkononi, wapo waaminifu na wapo wenye vidole vyepesi, na wewe mgeni huwezi kuwatofautisha. Hesabu pesa zako ukiwa umesimama palepale, wala usikubali kuharakishwa.

Utanunua nini? Matunda, vitenge, vikapu, maharagwe, mchele. Ikiwa ni Novemba au Disemba, ulizia senene upande wa Uganda. Hukaangwa kwa chumvi na vitunguu, na mwanangu mdogo ambaye nyumbani hukataa sukuma wiki alikula vifuko viwili. Mfanyabiashara mdogo anayevusha bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 hupewa cheti rahisi cha forodha. Ukiwa na gunia zaidi ya mahitaji ya nyumbani, kiulizie.

Tahadhari moja ni muhimu kuliko zote. Kule Uganda muuzaji atakutilia vitu ndani ya kavera, mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, na adhabu yake yaweza kufikia faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Nenda na kikapu chako cha kiondo, na uyamimine yote humo kabla ya kufika langoni.

Kunde za Kakapel

Sasa nije kwenye mahali ambapo, kwa maoni yangu, pangetosha pekee kukutoa Nairobi. Katika vilima vya Chelelemuk huko Teso Kaskazini, pana jabali liitwalo Kakapel. Chini ya mwinamo wake pana michoro iliyopangana tabaka juu ya tabaka. Ya kale zaidi ni miduara na maumbo mengine ya rangi nyekundu yanayohusishwa na wawindaji wa zamani. Juu yake wakaja watu wengine, wafugaji, wakachora ng'ombe weupe. Ni mnara wa kitaifa unaotunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Lakini hadithi kubwa ilikuwa chini ya udongo. Wataalamu waliochimba hapo walikuta dalili za watu walioishi miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Mwaka 2024 wakatangaza walichokipata katika majivu ya meko ya kale. Kulikuwa na mbegu za kunde zilizoungua, zenye umri wa miaka kama 2,300, ushahidi wa kale zaidi uliopimwa moja kwa moja wa zao la shambani katika Afrika Mashariki. Kulikuwa pia na wimbi wa angalau miaka 1,000, na mtama. Fikiria jambo hilo, msomaji. Mpishi fulani aliunguza chungu chake kabla ya Kristo kuzaliwa, na kosa lake la jikoni likawa kumbukumbu ya kilimo chetu sote.

Nilipomsimulia shangazi, alikuwa anachambua majani ya kunde kibarazani. Hakushangaa. "Wangeniuliza mimi," akasema, "ningewaambia kunde ni za hapa." Jioni hiyo alitupikia kunde hizo pamoja na ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo. Wanangu, waliokuwa wamewasili wakiulizia chipsi, hawakubakisha kitu.

Mkienda Kakapel, mtafuteni mlinzi awaongoze. Watoto wasiguse michoro wala wasiimwagie maji ili ionekane vizuri pichani, kwani maji huiharibu. Vaeni viatu vya kupandia mawe.

Ukiwa Malaba kwenyewe, tazama upande wa magharibi hewa ikiwa safi. Jiwe refu linalosimama peke yake ni Mwamba wa Tororo, mabaki ya volkano ya kale. Ukivuka unaweza kuupanda. Nenda asubuhi jua halijakaza. Malaba pia ni mahali pa kumwonyesha mtoto jinsi unga, mafuta na saruji vinavyowafikia watu wa Uganda, Rwanda hata Kongo. Malori hupanga mstari mrefu, madereva wakipika kando ya magurudumu. Wakati wa korona mwaka 2020, foleni hiyo ilinyooka makumi ya kilomita, madereva wakingoja majibu ya vipimo kwa siku kadhaa. Nunua chai katika vibanda vyao na utasikia habari za bara zima.

Bandari ambayo nusura iwe jiji

Kutoka Busia elekea kusini, ukatize nchi ya Wasamia. Vilima vyao vilikuwa na madini ya chuma, na kabla ya majembe ya madukani kuja, jembe la Msamia lilitafutwa na watu wa mbali. Sio Port ni kijiji cha wavuvi kilichotulia. Kinafaa kwa mtu anayetaka kusoma kitabu chini ya mti na kusikia ndege wa ziwani. Watoto wangu walichoka baada ya saa mbili, mimi sikuchoka.

Port Victoria, iliyoko Bunyala, ina pilikapilika zaidi. Mwaka 1892 Waingereza walipoipima njia ya reli kutoka Mombasa, chini ya Kapteni Macdonald, mwisho wa reli ulipangiwa hapa, kwenye ghuba waliyoiita Berkeley. Baadaye wakaona njia ya kwenda Kisumu ni fupi zaidi, na huko ndiko reli ilikofika Disemba 1901. Ile ya kupitia Malaba ilifika Kampala mwaka 1931. Kwa hivyo Port Victoria ikabaki na jina kubwa la kifalme na mitumbwi yake. Simama ufuoni na uwaze kama kalamu ya mpimaji ingelikwenda vingine.

Fika mapema, jua linapochomoza. Wakati huo mitumbwi ya omena inarejea, na akina mama wanangoja na mabeseni. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hivyo ukilala hapo, tazama ziwani baada ya saa tatu za usiku. Taa huwa nyingi hata utadhani kuna mji ng'ambo. Asubuhi samaki huanikwa juu ya nyavu na ufuo wote hung'aa kama fedha. Mbuta naye utamwona, mkubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Samaki huyo si mwenyeji, aliletwa ziwani miaka ya 1950, na samaki wengi wadogo wa asili walitoweka kwa sababu yake. Ngege wa kukaanga, ugali na kitunguu ndicho chakula cha mchana nilichokipenda kuliko vyote.

Kuhusu maji yenyewe, sikiliza. Ziwa Victoria lina kichocho, hasa kwenye majani ya ufuoni, kwa hivyo watoto wasiogelee. Kwenye matope ya mto Nzoia viboko na mamba si hadithi. Mkikodi mtumbwi, kila mtu avae jaketi la kujiokoa. Mwenye mtumbwi akisema jaketi hazipo lakini ziwa limetulia, mshukuru na ubaki nchi kavu. Mwambie pia asivuke maji ya Uganda. Mpaka humo majini hauna alama, na wavuvi wamekamatwa mara nyingi.

Msimu mzuri ni Disemba, Januari na Agosti. Aprili na Mei epuka Bunyala, kwani Nzoia huvunja kingo na kufurika, na mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda na kuhamisha familia nyingi. Joto ni la kutosha. Masweta ya Nairobi yaacheni. Malaria ipo mwaka mzima, basi lala ndani ya chandarua, paka dawa ya mbu jioni, na umwone daktari kabla ya safari. Malazi ni ya bei zote katika miji hii miwili. Chagua lililo mbali na egesho la malori, la sivyo utakesha na injini. Port Victoria vyumba ni vichache, kwa hivyo piga simu mapema.

Siku ya kurudi ondokeni Malaba alfajiri kabla malori hayajajaa barabarani. Mkifika Webuye, mwombe dereva akate kona dakika chache hadi maporomoko ya Nabuyole. Yale maji yanayoanguka kwa kishindo ni ya mto uleule wa Nzoia mliouacha ukiingia ziwani polepole kule Bunyala. Sisi tulisimama pale robo saa, mpwa wangu akatupa kijiti majini na kutaka kujua kitafika Port Victoria siku gani.